Lugha ya Vyombo na Ubunifu katika Maongezi ya Mchana Redioni

1. Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu orodha za istilahi zilizokwisha kusanifiwa, pamoja na maelezo ya sababu zilizoifanya kamati ichague neno hili na kuliacha lile. Makala haya hayaleti orodha. Nia yake ni kuchunguza mahali ambapo istilahi huenda kuishi au kufa baada ya kutoka mezani petu, nayo ni maongezi ya redio ya saa za mchana, hasa yale yanayohusu vyombo vya matumizi ya kila siku na vitu vinavyobuniwa na watu wetu wenyewe.

Saa hizo zina wasikilizaji wake. Fundi cherehani, mama lishe, muuza duka, kinyozi na dereva wa bajaji husikiliza huku mikono yao ikifanya kazi. Hawakuketi kusoma kamusi, wala hawana nafasi ya kurudia neno lililowapita. Neno likieleweka hapo hapo hutumika jioni hiyo hiyo; lisipoeleweka hupotea, na pengine hupotea pamoja na mali ya mtu.

Si jambo geni kwa redio kubeba elimu ya vitendo. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya Uhuru redio ya taifa ikawa darasa kubwa kuliko yote nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na kitabu chake. Neno lililotoka redioni lilikutana na maandishi, na penye mashaka palikuwa na mtu wa kuuliza. Leo vituo ni vingi, tangu vile vya watu binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, na simu ya mkononi imemwezesha msikilizaji kuingia studio kwa sauti yake. Tumepata sauti ya msikilizaji, lakini kiongozi wa kikundi na kitabu havipo tena. Kwa hiyo mzigo wote wa kueleza umebaki juu ya ulimi wa mtangazaji na mgeni wake. Yafaa tuuangalie ulimi huo.

2. Mfano mmoja: mashine ya vifaranga

Nilisikiliza kipindi kimoja cha mchana ambacho mgeni wake alikuwa kijana aliyeunda mashine ya kutotolesha vifaranga. Alitumia sanduku la mbao lililowambwa godoro chakavu kwa ndani ili kuhifadhi joto, balbu mbili, feni ndogo iliyotolewa katika kompyuta mbovu, na sahani ya maji. Kazi yake ilikuwa nzuri, na katika dakika za mwanzo lugha yake ilikuwa nzuri vilevile. Alisema kuku huatamia mayai siku 21; kwamba mashine yapasa kufanya yale ayafanyayo kuku, yaani kutia joto, kuyageuza mayai na kuyalinda yasikauke; kwamba mayai humulikwa kwa taa ili yasiyo na mbegu yatolewe mapema kabla hayajawa viza.

Mtangazaji hakuridhika. Kila kijana alipotaja jambo kwa Kiswahili, yeye alilirudia kwa neno la kigeni, kana kwamba mgeni amelisema nusu. Joto likawa "tempricha", kumulika kukawa "kendolingi", na lile jambo la mayai kutokauka likawa "hyumiditi". Haukupita muda kijana naye akaanza kusema hivyo hivyo, na mwishoni alitaja masharti ya mashine yake kwa maneno haya: "Tempricha thelathini na saba pointi tano, hyumiditi hamsini na tano, halafu siku ya kumi na nane unapandisha hyumiditi."

Ndipo mama mmoja alipopiga simu. Alisalimu kwa adabu, akamsifu kijana, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hiyo hyumiditi inanunuliwa wapi?"

Studio ilicheka. Mtangazaji alijibu: "Mama yangu, hainunuliwi, unaiseti tu." Kijana alijaribu kusema, "Ni ile sahani ya maji, mama," lakini muda wa muziki ulikuwa umefika.

Yapasa tulipime jambo hili bila kicheko. Swali la yule mama lilikuwa sahihi kabisa. Katika sentensi aliyoisikia, hyumiditi ilikuwa na kiasi, nayo ilipandishwa siku maalumu. Kwa mtu aliyezoea kununua chanjo ya kuku na chakula cha vifaranga dukani, hapana sababu ya kufikiri kwamba kitu hicho hakiuzwi. Aliyekosea ni aliyelitoa neno bila kulieleza.

Na kosa hilo lina gharama. Unyevu wa hewa ndani ya mashine ndio unaoamua kifaranga atoke au afie ndani ya ganda. Katika siku 18 za mwanzo yai hupaswa kupoteza maji kidogo kidogo, na ndiyo maana unyevu huwekwa katika asilimia 50 hadi 55 hivi. Siku tatu za mwisho huongezwa kufikia asilimia 65 au zaidi, kwa kuwa hewa ikiwa kavu wakati kifaranga anadonoa ganda, utando wa ndani hukauka, ukamganda, naye hushindwa kutoka. Unyevu ukizidi tangu mwanzo, yai halipotezi maji ya kutosha na kifaranga hukosa nafasi ya hewa. Mama asiyeambiwa kwamba "hyumiditi" ni maji katika sahani atafuata mengine yote kwa uaminifu, atangoja siku 21, kisha atafungua sanduku na kukuta vifaranga waliokufa wakiwa wametoboa ganda. Atasema mashine za watu wetu ni uongo. Ubunifu wa kijana utakuwa umepata jina baya kwa ajili ya neno moja.

Maneno ya kusema jambo hilo tunayo. Kiwango cha joto ni halijoto, na kipimo chake ni kipimajoto. Maneno haya yamefundishwa katika shule zetu za msingi kwa miaka mingi. Neno unyevuanga limo katika masomo ya jiografia. Hata bila istilahi yoyote, ingetosha kusema: "Hewa ya ndani iwe na unyevu, weka sahani ya maji, na siku ya kumi na nane ongeza sahani ya pili."

3. Kosa la mtafsiri

Nisimlaumu mtangazaji peke yake. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alipewa kijitabu cha ufugaji akitafsiri. Penye mashine ya vifaranga aliandika kiatamizi, akaona amefanya vema: neno limeundwa kwa kitenzi kuatamia, lafuata kanuni, na ni fupi. Bwana mifugo aliyepewa rasimu aisome aliirudisha na swali pembeni: "Hiki kiatamizi ni cha kuku au ni cha vijana wa biashara?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika miaka ya karibuni ofisi za serikali, vyuo na mashirika yanayowalea wajasiriamali yameeneza istilahi vituo atamizi, yaani mahali ambapo biashara changa hulelewa hadi iweze kusimama. Sitiari hiyo imejengwa vizuri. Mwenye kuibuni alimtazama kuku na akaona mfano. Lakini msikilizaji wa redio amelisikia neno atamizi mara nyingi zaidi katika habari za mikopo na mafunzo ya vijana kuliko katika habari za mayai. Banda la kuku limemwazima ofisa neno, na ofisa hajalirudisha. Wafugaji wenyewe, alisema bwana mifugo, husema mashine ya kutotolesha, na hakuna anayekosea maana yake.

Nililibadili neno langu, na hadi leo naona nilifanya sawa. Kiatamizi ni neno jema na laweza kubaki katika kamusi. Ila kijitabu cha mfugaji si mahali pa kulifanyia majaribio. Somo nililolipata ni kwamba usahihi wa istilahi una mizani mbili: mizani ya uundaji, tunayoifahamu sana, na mizani ya uwanjani, ambayo hatuna chombo cha kuipimia. Maongezi ya mchana yangeweza kuwa chombo hicho, kama tungeyasikiliza.

4. Kugundua, kuvumbua, kubuni, kuunda

Kuna mchafuko mwingine ambao madhara yake hayaonekani upesi. Redioni, kila mtu aliyetengeneza kitu husemwa "amegundua". Nilimsikia mtangazaji akimkaribisha "kijana aliyegundua mashine ya kupukuchua mahindi". Msikilizaji wa kwanza kupiga simu aliuliza, kwa haki yake: "Mashine hizo tumeziona tangu tukiwa watoto, huyu amegundua nini?" Kipindi kizima kikageuka kuwa ubishi juu ya nani alitangulia. Jambo jipya alilolifanya yule kijana, yaani kuiendesha mashine kwa pedeli za baiskeli ili iweze kuhamishwa shamba hadi shamba pasipo umeme wala mafuta, lilitajwa mara moja tu, mwishoni.

Tuna vitenzi vya kutosha kutenganisha mambo haya. Kugundua ni kutambua jambo lililokuwapo lakini halikujulikana: mtu hugundua madini, hugundua chanzo cha ugonjwa. Kuvumbua kuna maana pana zaidi. Asili yake ni kufukua kilichofichika, na katika lugha ya ofisi uvumbuzi umekubaliwa kwa kitu kipya kilichotokana na akili ya mtu. Kubuni ni kukitunga kitu kichwani, kikipewa umbo na kusudi. Kuunda ni kukiunganisha kwa mikono. Kurekebisha ni kuchukua kilichokuwapo na kukifanya kifae mahali pengine. Mtu mmoja aweza kufanya mawili au matatu kati ya hayo, lakini si kila aundaye amebuni, wala si kila abuniye amegundua.

Mfano mwema ni jiko la mkaa la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Wazo la kutia udongo ndani ya chuma lilitokana na majiko ya Thailand. Wataalamu na mafundi wa Kenya walilibadili umbo, wakalipa kiuno chembamba katikati na tako pana ili lisipinduke chungu kizito kinapokorogwa, na mafundi wa jua kali wa Nairobi wakaliunda kwa mabati waliyoyapata. Je, waliligundua? La. Waliliiga? Kusema hivyo ni kuwadhulumu. Walilirekebisha, na marekebisho yao ndiyo yaliyolifanya likubalike jikoni. Sisi watu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, kwa kuwa ndivyo tufanyavyo kila siku tunapotohoa neno: sauti za kigeni huingia, lakini umbo, ngeli na matumizi huwa yetu.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria pia. Hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya kazi yake, hutolewa kwa kitu ambacho ni kipya, kinachoonyesha hatua ya kibunifu na kinachoweza kutumika viwandani. Mtu anayejitangaza redioni kuwa "amegundua" kitu ambacho ubora wake hasa ni marekebisho hudai asichokuwa nacho, na husahau kudai alichonacho. Zaidi ya hayo, jambo lililokwisha kuelezwa hadharani laweza kupoteza sifa ya upya mbele ya msajili. Kipindi cha mchana, kwa ukarimu wake, humtaka mgeni aeleze kila kitu, kuanzia msumari wa kwanza. Laiti mtangazaji angelijua neno hataza na kulitamka mara moja kabla ya maelezo kuanza, angekuwa amemfanyia mgeni wake wema mkubwa kuliko sifa zote.

Ni jambo la kutia moyo kwamba Serikali ilipoanzisha mashindano ya kitaifa mwaka 2019 iliyaita ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Neno lililochaguliwa ni ubunifu, na chaguo hilo ni la busara. Redio ingefuata mfano huo.

5. Teknolojia ya nani, ufundi wa nani?

Msikilizaji makini atatambua mgawanyo mwingine ambao hakuna aliyeutangaza. Kitu kikitoka nje, tena kiwe na kioo na chaji, huitwa teknolojia. Kitu kikitoka Kamukunji, Gerezani au chini ya mwembe, huitwa ufundi, na mara nyingine "ufundi wa mtaani". Simu ni teknolojia, lakini kuifungua na kuilehemu kwa risasi ili iishi miaka mitatu zaidi ni ufundi. Tairi ni teknolojia, na kulikata na kulishona likawa katambuga ni umaskini.

Mgawanyo huo wakaa ndani ya maneno yetu wenyewe. Karakana isiyo na leseni wala kibao huitwa gereji bubu, kama ilivyo teksi bubu. Bubu hapo ni yule ambaye serikali haijamsikia. Lakini aliyepata kukaa katika gereji bubu kwa saa moja anajua kwamba humo ndimo Kiswahili cha ufundi kinamozungumzwa kwa wingi. Vyuma huchomelewa, bati hunyooshwa, mnyororo hukazwa, tairi hutiwa kiraka. Fundi husema spana, grenda, keria na solusheni, ambayo yote ni ya kukopa, na hakuna anayemcheka, kwa sababu kila neno lina kazi na kitu chake kipo mkononi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba tatizo la redio ni maneno ya kigeni kwa jumla. Kama ndivyo, tungeanza kwa kulifukuza neno redio lenyewe. Wazee wetu waliipokea chemli na karabai kwa majina ya kukopa, na leo ni vigumu kumshawishi mtu kwamba si Kiswahili. Simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya; waya umekatika na neno limebaki, wala hatuoni kasoro. Neno lililokopwa na fundi limepita katika kazi, likavaa viambishi vyetu na kuingia ngeli. Neno lililorushwa na mtangazaji juu ya neno la Kiswahili lililokwisha kutamkwa na mgeni wake halikukopwa kwa haja. Limeletwa ili kuonyesha kwamba msemaji amesoma. Mkopo wa kwanza huongeza mali ya lugha, na wa pili huondoa iliyokuwapo.

6. Yaliyopokelewa na yaliyokataliwa

Tukitazama maneno ya vyombo yaliyoshika mizizi katika miaka hii, tutaona kwamba mengi hayakutoka kwa kamati wala kwa mtangazaji. Daladala lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano. Matatu la Kenya lilitokana na nauli ya mapeni matatu. Bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako baiskeli zilivusha watu kutoka boda hadi boda. Leo limehamia kwenye pikipiki na kufika kusikokuwa na mpaka wowote. Bajaji ni jina la kampuni lililogeuka kuwa jina la chombo.

Huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilikuja na msamiati wa kupendeza: salio, muamala, wakala, kifurushi, namba ya siri. Maneno haya yalikuwapo, nayo yalipewa kazi mpya bila kelele. Salio lilikuwa neno la mhasibu. Sasa kila mwanakijiji analijua lake. Watu wenyewe wakaongeza "tuma na ya kutolea", kifungu ambacho hakina hata jina la kitu ndani yake, na bado hakuna anayeshindwa kukielewa, kwa kuwa kimebeba hesabu kamili ya ada ya wakala pamoja na adabu ya kuomba.

Kwa upande mwingine tulibuni ngamizi, na baadaye tarakilishi. La kwanza halikutoka vitabuni. La pili limepata makao katika shule za Kenya, lakini Tanzania watu husema kompyuta. Nywila ni neno fupi na zuri, ila mtu wa kawaida husema neno la siri au namba ya siri, maana neno hilo hujieleza lenyewe na nywila hungoja kuelezwa. Runinga na televisheni hutumika pamoja. Rununu, ambalo asili yake ni uvumi unaonong'onwa, limekubalika Kenya kwa simu ya mkononi na halikuvuka mpaka.

Kanuni zetu za kutafuta istilahi zinajulikana: kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ikulu na kitivo, ambayo leo hakuna anayekumbuka kwamba yalikuwa mageni. Sizipingi kanuni hizo. Nasema tu kwamba hatua ya kwanza, ile ya "Kiswahili chenyewe", tumeifanya mara nyingi kwa kufungua kamusi, ilhali Kiswahili chenyewe cha vyombo kiko karakanani.

Jiko banifu ni neno lililofaulu kwa sababu lilitazama kitendo: jiko hilo hubana, halitapanyi moto wala mkaa. Ukilisikia mara moja unajua chombo kinafanya nini. Lilinganishwe na nishati safi ya kupikia, istilahi inayotangazwa kila siku tangu ulipozinduliwa mkakati wa taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Neno safi ni la hukumu. Halitaji moshi, ambao ndio adui. Matokeo yake, katika maongezi ya mchana nimesikia nishati safi ikitumika kwa maana ya gesi ya mitungi pekee, kana kwamba umeme na bayogesi havimo. Na nimesikia pia jiko banifu likiitwa nishati safi, ingawa jiko si nishati, na lenye kupunguza kuni bado lachoma kuni. Istilahi hiyo imekwisha kuingia katika sheria na mipango, wala sipendekezi ibadilishwe. Napendekeza kila itamkwapo redioni ifuatwe na maelezo yake: nishati isiyomwachia mpishi moshi.

7. Mapendekezo

Mambo manne yangeweza kufanywa bila gharama kubwa.

Kwanza, Baraza liwe na kikosi kidogo cha kusikiliza. Watu wawili au watatu, kwa zamu, wasikilize maongezi ya mchana ya vituo mbalimbali na kuandika kila neno la chombo, kifaa au kazi ya mkono, pamoja na jina la wilaya anakotoka msemaji. Orodha hizo ziletwe mbele ya kamati kabla kamati haijaanza kubuni neno jipya.

Pili, watangazaji wafundishwe swali moja: "Ninyi kwenu mnakiitaje?" Swali hilo lina faida tatu. Humheshimu mgeni, huleta neno ambalo sisi hatulijui, na humpa msikilizaji wa mbali nafasi ya kulinganisha na neno lake. Iwapo mtangazaji ataona hapana budi kutumia neno la kigeni, alitangulize neno la Kiswahili na maelezo yake, wala asimsahihishe mgeni aliyekwisha kusema vema.

Tatu, kila kituo kipelekewe karatasi moja, si kitabu, yenye maneno yasiyozidi hamsini ya vyombo na ubunifu: halijoto, unyevuanga, kipimajoto, kubuni, kurekebisha, hataza na mengine ya aina hiyo, kila moja na sentensi moja ya mfano. Vitabu vyetu vya istilahi ni vizuri, lakini havisomeki wakati taa nyekundu ya studio inawaka.

Nne, sisi wafasiri na walimu tuzipeleke rasimu zetu uwanjani kabla ya kuzichapa. Bwana mifugo mmoja alinisaidia zaidi kwa swali lake la mstari mmoja kuliko kamusi tatu nilizokuwa nazo mezani.

Yawezekana watangazaji watajibu kwamba kipindi cha mchana ni cha kuburudisha, na kwamba lugha haipaswi kufungwa kamba. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hakuna anayetaka maongezi yawe mhadhara. Lakini kipindi kinapomwambia mtu jinsi ya kuatamisha mayai yake, jinsi ya kuwasha jiko la gesi au jinsi ya kulinda kazi ya akili yake, kimekwisha kuvuka mpaka wa burudani, na hapo hufungwa na wajibu ule ule unaomfunga mwalimu.

8. Hitimisho

Nilijaribu baadaye kufuatilia kama kipindi kile kingerudi kwenye swali la yule mama. Hakikurudi, wiki iliyofuata walizungumzia jambo jingine. Sijui kama alinunua sanduku, wala kama mayai yake yaliangua. Najua tu kwamba aliuliza kwa Kiswahili kizuri, na kwamba jibu lake lilikuwapo kwa Kiswahili kizuri, kinywani mwa kijana aliyekuwa ameketi studio, lakini halikumfikia. Kazi ya Baraza, ya walimu na ya watangazaji ni kuhakikisha kwamba safari nyingine jibu kama hilo linafika kabla ya muziki.